Cherehani Isinyamaze

Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mumewe uliendelea kumwita Mwalimu hata baada ya serikali kumnyang'anya shule, ofisi na kiti cha kukalia. Fundi alikaa na cherehani yake chumba cha mbele, dirishani, ili kila mpita njia amwone anakanyaga. Nyuma yake palikuwa na ujia mwembamba uliokwenda kwenye chumba cha mgonjwa, yaani Mwalimu, na kwenye chumba kikubwa ambacho zamani walilala watoto wao. Vyumba hivyo viwili viligawana ukuta mmoja. Hicho kikubwa ndicho kilikuwa shule.

Shule, ndiyo, na asicheke mtu. Ubao ulikuwa mlango wa kabati uliopakwa masizi. Madawati yalikuwa magoti ya wenyewe. Serikali ilipoamua kwamba watoto wa jamii yao wasisomeshwe tena kwa lugha ya mama zao, na kwamba kitabu kipya cha historia kiwaeleze kuwa ni watu waliookotwa njiani wakaja kutumikia wenzao, walimu wao walikataa kukifungua kitabu hicho. Wakafukuzwa wote kwa tangazo moja la redio. Basi hawakurusha jiwe, hawakuchoma hata tairi. Walikwenda nyumbani kwao, wakasogeza vitanda, wakaanza kufundisha. Hesabu kwa Fundi, fizikia kwa muuza mkaa, jiografia kwa mjane mmoja aliyekuwa na kuku wakorofi waliopita juu ya ramani. Serikali ilikasirika kuliko kama wangerusha mawe, maana mawe ilikuwa inajua dawa yake.

Kanuni ya cherehani aliitunga Mwalimu mwenyewe. Mdogo wake alikuwa akifundisha nyumba ya pili, askari wakaingia ghafla, wakakuta karatasi chini ya godoro, na huo ukawa ushahidi. Alifia rumande, peke yake, sakafuni, na ndugu waliitwa kuchukua mwili kama watu wanaoitwa kuchukua mzigo. Baada ya hapo Mwalimu akasema, kuanzia leo, cherehani ikilia, somo linaendelea. Kelele yake inafunika sauti za watoto. Ikinyamaza zaidi ya muda wa kugeuza kitambaa, ujue kuna hatari, na kila karatasi izamishwe kwenye beseni. Beseni lilikaa katikati ya darasa likiwa na maji ya sabuni na nguo mbili tatu. Karatasi zinalainika, wino unayeyuka, na askari akiingia anakuta watoto wanafua. Walishafua mara nyingi kwa hofu ya bure, hata majirani wakawa wanawasifu kwamba hakuna watoto wasafi mtaani kama wa kwa Fundi.

Sasa huyu Mwalimu mapafu yalimwangusha. Alianza na kikohozi cha kawaida, kikakataa kutoka, kikaanza kuleta damu. Zahanati ya serikali dawa ilikuwepo, lakini ilitolewa kwa mwenye kadi inayoonyesha kwamba watoto wake wameandikishwa shule ya serikali. Karani wa dirishani hakuwa hata na ubaya. Aliwaambia wamwandikishe binti yao wa mwisho, Kitinda, kisha warudi kesho, dawa ile pale rafuni anaiona. Mwalimu alishukuru, akageuka, akarudi nyumbani akipumzika kila kwenye kivuli.

Dada yake Mwalimu, ambaye alihamia pale kumuuguza, alilia mpaka sauti ikakauka. Ni jina tu, alisema, jina la mtoto kwenye karatasi, litamwondolea nini? Mwalimu akamuuliza atawatazamaje machoni wazazi aliowaambia wasiandikishe wao. Wifi mtu akamgeukia Fundi, akitumaini atamuunga mkono, na Fundi akainamisha kichwa akajitia anatafuta sindano. Ukweli ni kwamba moyoni alikuwa upande wa wifi yake. Siku moja alifunga safari kimyakimya mpaka kwenye geti la shule ile ya serikali, na kadi ya zahanati isiyojazwa mkononi, akasimama pale akiwasikia watoto wanaimba kwamba wao ni wageni. Akarudi. Hakumwambia mumewe kwamba alikwenda, na hakujisamehe kwamba alirudi.

Mwalimu aliomba kitu kimoja tu. Alisema hataki kufa kama mdogo wake. "Nikiwa nakwenda, uwe umenishika mkono," alimwambia. "Hilo tu, mke wangu." Fundi akaahidi. Na kwa kuwa sauti ilikuwa imeshamwisha, walipatana juu ya kijiko. Akigonga ukuta mara moja, njoo. Akigonga mara mbili, sijambo, endelea na kazi yako.

Mtihani ukaja katika hali hiyo. Chuo kikuu cha nchi jirani kilikuwa kimekubali, kwa mwaka ule, kupokea watoto wa vyumbani watakaofaulu mtihani wake. Ulikuwa ufanyike nyumba zote asubuhi moja, saa zilezile, na mchana muuza mkaa apite azikusanye karatasi azifiche kwenye magunia yake mpaka mpakani. Nyumba ambayo karatasi zake zingezama, watoto wake wamekosa, na hakuna aliyejua kama mlango ule ungekuwa bado wazi mwakani. Kati ya watahiniwa alikuwepo Kitinda. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba baba yake anakufa kwa sababu ya jina lake kutoandikwa mahali. Hakukuwa na haja, maana alikuwa na macho.

Asubuhi ile Fundi alimtuma wifi yake upande wa pili wa mji, kwa mtu mmoja anayesemekana huuza dawa za zahanati mlango wa nyuma. Mtu huyo alikuwepo kweli, ila dawa hakuwa nazo kila siku, na Fundi alilijua hilo. Alimtuma kwa sababu wifi hakuambiwa habari za mtihani. Alikuwa mtu mwema, lakini akikasirika humwaga kila kilicho tumboni, na siku hizo alikuwa amekasirika kutwa.

Mwalimu aliamka vibaya. Midomo ilikuwa ya bluu na vidole baridi. Fundi alikaa kitandani akasema hapana, leo hapana, atawaambia watoto waende nyumba nyingine, au mtihani usiwepo kabisa, liwalo na liwe. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Nenda kakanyage," akasema kwa pumzi iliyobaki. "Nikisikia cherehani nitajua wanaandika."

Akaenda kukanyaga. Darasani msimamizi, kijana wa benki aliyefukuzwa kazi kwa ajili ya jina la ukoo wake, akagawa karatasi. Fundi alikuwa na pazia refu la mteja, akalishona kwa mshono wa polepole, na kila alipofika mwisho wa pindo alijiiba mara moja ujiani kumchungulia mgonjwa, akarudi kabla kimya hakijawa kirefu. Mambo yakaenda hivyo, akaanza hata kujipa moyo. Ndipo akaingia Bwana Redio.

Huyu Bwana Redio alikuwa mjumbe wa mtaa aliyewekwa na serikali, na jina lile hakulipata bure. Ukimwambia jambo asubuhi, mchana linakurudia limenenepa. Aliingia bila hodi, mkono kiunoni, kwa sababu kifungo cha suruali kilikuwa kimeruka na mshono wa nyuma umeachia. Mkubwa fulani angepita saa sita kukagua mtaa, yeye ndiye wa kumpokea, na suruali ya heshima alikuwa nayo hiyo moja. Fundi akamwambia aje alasiri. Akasema alasiri mkubwa atakuwa ameshaondoka. Kisha, jamani, akajifunga khanga ya Fundi iliyokuwa juu ya kiti, akavua suruali yake palepale, akamkabidhi, akaketi kwenye stuli kati ya cherehani na ujia, miguu mitupu imenyooshwa. Siku nyingine Fundi angecheka wiki nzima.

Tatizo lilikuwa hili. Kiuno cha suruali hakiongezwi kabla hakijafumuliwa, na kufumua ni kazi ya wembe na mikono, haina kelele. Akifumua, cherehani inanyamaza, na watoto wanazamisha karatasi. Asipofumua, mtu huyu haondoki. Kumwambia msimamizi chochote kwa sauti haiwezekani, kupeleka ishara haiwezekani, na kumpita Bwana Redio aingie ujiani ni kunyamazisha mashine. Fundi aliinua mguu wa chuma unaokandamiza kitambaa, akaiweka suruali mapajani, akaanza kufumua kwa mikono huku miguu ikikanyaga pedali vilevile, cherehani ikipiga hewa tupu.

Bwana Redio akatazama. Akauliza mbona anakanyaga na hashoni kitu.

"Mashine hii ikipoa inakwama," Fundi akasema. "Si unajua uzee."

Akaridhika, akaendelea na soga zake za mkubwa atakayekuja na gari la aina gani. Fundi alifumua kwa haraka iliyomkata vidole. Alikuwa na wazo moja tu kichwani, mtu huyu apate suruali yake aondoke, nikimbie kwa mume wangu. Kikohozi kikaanza. Kilikuja kutoka ndani kabisa, kirefu, kikakatika, kikaanza tena kikiwa na maji ndani yake. Alishakisikia kikohozi cha kila namna mwaka ule, na hicho hakuwa amekisikia bado. Miguu haikuacha kukanyaga.

Kisha Bwana Redio akageuza sikio kuelekea ujiani.

"Mumeo anagonga," akasema.

Fundi hakuwa amesikia. Kelele ileile iliyowafunika watoto ilikuwa imemfunika na mumewe. Swali likamfika mpaka kwenye meno: mara ngapi? Amegonga mara ngapi? Lakini hilo ni swali ambalo mtu asiye na la kuficha haulizi, na Bwana Redio angelibeba mpaka kituo cha polisi kama zawadi. Akalimeza.

"Nenda kamwone mgonjwa," Bwana Redio akasema, na safari hii, mtu mwovu yule, alisema kwa huruma ya kweli. "Mimi sina haraka kiasi hicho. Nenda, nitakusubiri."

"Mwache," Fundi akasema. Ilibidi aseme kwa nguvu ili asikike juu ya mashine, na ukuta wa nyumba ile ulikuwa mwembamba. "Anadeka tu huyo. Ndiyo kawaida yake, akiona nina kazi."

Maneno yakatoka, na hayakurudi. Kikohozi kikakoma. Fundi alijua amesikia. Watu walioishi pamoja miaka yote ile, mmoja anajua mwenzake amesikia hata kama kuna ukuta.

Bwana Redio akasema mwanamke huyu ana roho ngumu, hata mbwa akilia mtu hutoka nje kumwangalia. Kisha akainuka, akaishika khanga kiunoni, akasema kama mke hataki basi yeye ataingia amtazame maskini wa watu. Hatua mbili angekuwa ujiani, na darasa halikuwa na mlango, pazia tu. Fundi akasema bila kuinua macho kwamba aingie akitaka, ila ugonjwa wenyewe unaambukiza, waliomkaribia wawili wameshaanza kutapika damu. Bwana Redio akarudi kwenye stuli upesi kuliko alivyoinuka, akaisogeza karibu na dirisha.

Sasa Fundi alishona. Alishusha mguu wa chuma, akaunganisha kipande cha kuongezea, na mshono ukaenda upogo, akauacha uende. Machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye suruali ya mjumbe, na mjumbe alikuwa akitazama barabarani asimwone. Katikati ya kiuno Bwana Redio akanung'unika kwamba mgonjwa anagonga tena. Fundi akaongeza mwendo. Alipofika kwenye kifungo, Bwana Redio hakunung'unika tena, na nyumba haikuwa na sauti yoyote isipokuwa cherehani.

Bwana Redio aliivaa suruali ile akilalamika kwamba imekaa upande. Akasimama kizingitini kuimalizia habari ya gari la mkubwa, na Fundi alikanyaga, akaitikia, akakanyaga. Mjumbe alipopinda kona, Fundi alipiga kelele kuelekea pazia, "Msizamishe!" na tayari alikuwa ujiani.

Mwalimu alikuwa amejivuta mpaka ukutani. Paji la uso lilikuwa limegusa ukuta ule, kijiko kimeanguka kwenye shuka, na mkono wake wa kulia umefunguka. Fundi akauchukua. Ulikuwa bado na joto. Aliusugua, akaupulizia, akamwambia nimekuja, nimekushika, si umesikia cherehani, nimekuja. Alimwomba radhi kwa lile neno. Alimwambia ni la uongo, wewe huna deko, hujawahi kudeka katika maisha yako. Ng'ambo ya ukuta kalamu zilikuwa bado zinakwaruza. Akafungua kinywa alie, akazisikia kalamu, akajiziba kwa shuka, akauma mpaka taya ikauma. Alikaa hivyo mpaka muuza mkaa alipokuja na kuondoka na magunia yake. Hapo ndipo jirani wa kwanza alipomsikia.

Wifi alirudi mikono mitupu akakuta watu wameshajaa mlangoni. Msiba ule ulikuwa mkubwa, maana Mwalimu alisomesha nusu ya waliokuja. Lakini Bwana Redio naye alikuwa ameshafanya kazi yake. Kabla hata kaburi halijachimbwa, habari ilikuwa imezunguka kila kibaraza: mgonjwa aliita, mimi mwenyewe nilikuwepo, nikamwambia nenda, akasema mwache anadeka. Hakutia chumvi hata chembe, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na ndiyo maana wote waliamini.

Baada ya mazishi wanawake walikuwa wamekaa mikekani. Wifi akaja akasimama mbele ya Fundi. Macho yalikuwa yamevimba, na hakupaza sauti.

"Niambie mimi, wifi. Kaka yangu alikuita, ukasema anadeka?"

Mjumbe alikuwa mlangoni, amevaa suruali ileile. Magunia ya mkaa yalikuwa bado njiani, mpaka ulikuwa bado haujavukwa, na kila mtoto aliyeandika asubuhi ile alikuwa amekaa pale na mzazi wake, akitazama mkeka. Kitinda aliinua kichwa, midomo ikafunguka. Fundi akamtazama mara moja tu, jicho la mama linalosema kaa hapo hapo. Mtoto akaifunga.

"Kweli," Fundi akasema. "Nilisema."

Wifi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la bei. Akaingia ndani, akafunga nguo zake, akaondoka bila kumpa mkono. Mpaka leo wakikutana sokoni, wifi hugeukia upande wa pili wa meza. Watu walimwambia Fundi baadaye kwamba siku moja ukweli utaelezwa. Yeye hakuwa na uhakika ukweli wenyewe ni upi, maana mumewe aliita, na yeye alisema. Hayo mawili hayana maelezo.

Wageni walipopungua, Kitinda alimkuta mama yake chumba cha mbele, mbele ya cherehani, mikono mapajani. Akachuchumaa karibu naye. Akasema yeye siku ile alikaa kwenye kona, mgongo umeegemea ukuta wa baba.

"Nilimsikia akigonga, mama."

Fundi alitaka asiulize, na hakuweza.

"Mara ngapi?"

Kitinda alitazama vidole vyake, ambavyo vilikuwa bado na wino. Akashika ncha ya sikio, akaisugua. Tangu akiwa mdogo, kila alipovunja kikombe akasema ni paka, alisugua sikio hilohilo.

"Mbili," akasema. "Kila aliposhika kijiko, mbili. Mbili tu, mama."

Basi na yeye alikuwa amesikia, na alikuwa ameandika. Fundi alimvuta kichwa akakilaza kwenye paja, akakipapasa, na hakumwambia kwamba anamjua. Walikaa hivyo muda, kila mmoja na lake, na lilikuwa lilelile.

Kisha nyuma ya pazia wakasikika watoto wadogo, wale wa darasa la chini, walioletwa na mama zao msibani na hawakujua wafanye nini na mikono yao. Walikuwa wakinong'ona. Fundi alijifuta uso kwa khanga, akavuta kipande cha kitambaa chochote, hakutazama hata ni cha nani, akaweka miguu kwenye pedali. Cherehani ikaanza kulia. Na huko ndani, bila mtu kuwaamuru, sauti moja ndogo ikaanza kusoma, na wengine wakaitikia.